Kona ya Viungo: Mama ameanza kushika ukuta

Toleo hili sijachanganya mada kama kawaida. Meseji mlizotuma mwezi uliopita zaidi ya nusu zinaongelea kuanguka, kuyumba, kushika ukuta, miguu kukataa ngazi, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, je huu ni umri, au ni kwa sababu ni mwanamke, au ni mwanaume? Basi nimeziweka pamoja. Majina nimeyatoa na zile ndefu sana nimezipunguza.

Shikamoo Mama Viungo. Nina miaka 34, naishi Buhongwa, hapa Mwanza. Mama yangu ana miaka 67, nilimchukua Ukerewe mwaka jana mwezi wa nane baada ya kuona anahangaika na shamba na kuteka maji. Alipokuja alikuwa mzima kabisa, alishuka kwenye meli na kapu la mihogo kichwani hakuomba msaada wa mtu. Sasa hivi ndani ya nyumba anatembea ameshika ukuta, akitoka nje anataka mkono wa mjukuu, na juzi ameanguka bafuni ila hakuumia. Simruhusu afanye kazi yoyote, dada wa kazi anafanya kila kitu. Baba amebaki kijijini ana miaka 72 na bado anaingia kwenye mtumbwi kama kijana. Kaka yangu anasema wanawake wanaisha haraka kwa sababu ya kuzaa. Ni kweli? Nifanye nini?

Marahaba mwanangu. Nianze na la kaka yako maana hilo nalisikia kila wiki na linaniuma. Kuzaa hakumalizi balansi ya mtu, yaani ule uwezo wa kubaki wima bila kuyumba. Mwaka 2024 watafiti wa Mayo Clinic kule Marekani waliwachukua watu 40 wenye afya, wote wamevuka miaka 50, wakapima nguvu ya mkono kushika, nguvu ya goti, mwendo wa kutembea na kusimama kwa mguu mmoja. Kilichoshuka haraka kuliko vyote kadiri umri unavyokwenda ni kusimama kwa mguu mmoja, kwa mguu ule usioutegemea (ule usiopigia mpira) zilipungua kama sekunde 2.2 kwa kila miaka kumi, wakati nguvu ya mkono ilipungua asilimia 3.7 na ya goti asilimia 1.4. Na kwenye kushuka huko wanawake na wanaume walikwenda sawa. Mwanaume ana misuli mingi zaidi tangu mwanzo, hilo lipo, ila kasi ya kushuka haikutofautiana.

Sasa mbona baba anaingia mtumbwini na mama anashika ukuta? Soma tena barua yako mwanangu, jibu umeliandika mwenyewe.

Mwili unajua uko wima kwa kupata habari sehemu tatu. Macho yanauambia mstari wa ardhi uko wapi. Ndani kabisa ya sikio kuna vijimfereji vitatu vyenye majimaji vinavyosikia kichwa kikigeuka, pamoja na vijichembe vidogo kama chumvi vinavyosikia kichwa kikiinama. Halafu kuna nyayo, vifundo, magoti, misuli yenyewe, ambayo inatuma habari kila sekunde kwamba hapa mchanga, hapa jiwe, hapa panateleza. Ubongo unazikusanya hizo habari zote na kurekebisha mwili kabla hata wewe hujafikiri. Mama yako kule Ukerewe alikuwa anaamka anakanyaga umande peku, anashuka ziwani kwenye mawe na ndoo, anapandisha, anainama shambani, anainuka, anaruka mfereji, anachuchumaa kuosha vyombo anainuka tena, yaani tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa kwenye mazoezi ya balansi bila kujua. Ukamleta kwenye sakafu ya marumaru, ukamvalisha malapa laini, ukampa sofa. Nyayo zimenyamaza. Misuli nayo haingoji, maana kwa kawaida kuanzia miaka ya 30 mtu anapoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka kumi, baada ya 60 kasi inaongezeka, na kukaa kunaongeza kasi juu ya kasi. Tena kinachotangulia kuondoka ni ule wepesi wa kutupa mguu mbele haraka ukijikwaa, kabla hata ya nguvu yenyewe. Ndio maana mzee anaweza kubeba ndoo vizuri tu ila akijikwaa kwenye zulia anaenda chini.

Nakuambia haya sio kukulaumu, kwa sababu hata mimi nimelifanya, tena nikiwa tayari na cheti cha kazi hii ya tiba ya viungo. Baba yangu alikuwa anakaa kule juu Mabatini, nyumba za kwenye mawe, kila asubuhi anashuka ngazi za mawe kwenda kununua gazeti na kupiga stori na wenzake halafu anapanda taratibu. Siku moja akateleza akachubuka kiwiko. Tukakaa kikao watoto wote tukasema baba sasa basi, gazeti utaletewa. Akaletewa gazeti, akaletewa chai, akaletewa maji ya kunawa. Mwaka wa pili ulipoisha alikuwa hawezi kuinuka kwenye kiti bila watu wawili. Kile kiwiko kilipona kwa wiki moja.

Lakini ipo sehemu moja ambapo mama yako na baba yako kweli hawalingani, nayo ni mifupa. Hedhi ikikoma, ile homoni iliyokuwa inailinda mifupa ya mwanamke inashuka sana, na ndani ya miaka mitano mpaka saba ya mwanzo anaweza kupoteza mpaka asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Kwa mwanaume inapungua polepole. Kwa hiyo wakianguka wote wawili bafuni, mama ndio yuko kwenye hatari zaidi ya kuvunjika nyonga au kifundo cha mkono. Magoti nayo, kusagika kwa maungio kunawapata wanawake zaidi hasa baada ya 50, na goti linalouma mtu halikunji, asipolikunja misuli ya paja inakwisha, ikikwisha anashika ukuta.

Ufanye nini. Kwanza mpeleke akapimwe macho, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, sukari, na mwambie daktari dawa zote anazotumia. Ukuta usimkataze kuushika kwa sasa. Halafu leo jioni chukua kiti cha plastiki imara, kiegemeze ukutani, mkalishe, mikono aikunje kifuani, weka saa ya simu sekunde 30, hesabu anasimama wima kabisa mara ngapi. Mwanamke wa miaka 65 mpaka 69 akipiga chini ya mara 11 yuko kwenye hatari ya kuanguka. Andika namba yake kwenye kalenda. Kila siku afanye hivyohivyo raundi mbili tatu akipumzika katikati, na akiwa jikoni ashike ukingo wa sinki asimame mguu mmoja, wewe uko pembeni, baadaye aachie mkono abaki na vidole viwili, kisha kimoja. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa 65 kwenda juu wafanye mazoezi ya balansi na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, na tafiti nyingi zilizowekwa pamoja mwaka 2019 zilionyesha mazoezi yanapunguza kuanguka kwa kama asilimia 23.

Na mrudishie kazi zake mwanangu. Achambue mboga amesimama, afagie uwanja, amwagilie hiyo michicha, aende gengeni na mjukuu atangulie mbele sio kumburuta mkono. Bafuni weka mkeka wa mpira usioteleza na fundi apige bomba la kushikia ukutani, taa ya korido iwake usiku. Malapa yatupe, mtafutie viatu vyenye kamba ya nyuma. Ale dagaa na mifupa yao, wana kalisi nyingi ya kujenga mifupa, na jua la asubuhi la pale uani halina bei.

Mwangaluka mayu. Mimi ni mwalimu, miaka 58, Nyakato, nimebakiza miwili nistaafu. Mwaka huu nimeanguka mara mbili, mara ya kwanza natoka kwenye daladala jioni, ya pili nyumbani umeme umekatika. Sijamwambia mke wangu, nilisema nimegonga mlango. Kuvaa suruali lazima niegemee kabati. Sukari ninayo mwaka wa tisa, presha pia natumia dawa. Usiku nikiamka kwenda msalani naona giza. Nikinawa uso nimefumba macho nayumba. Je nimezeeka kabla ya wakati?

Mwangaluka mwalimu. Hujazeeka kabla ya wakati, ila unaficha, na kuficha huko ndiko kunakonitisha kuliko kuanguka kwenyewe. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu 684,000 wanaokufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, wengi wao kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wanawake wanaanguka na kuumia zaidi, lakini wanaokufa zaidi ni wanaume. Sababu zipo kadhaa, kazi za juu ya paa na nguzo, pombe, lakini na hii ya kwako ipo nimeiona kwa macho yangu miaka yote, mwanamke akianguka asubuhi mchana jirani wote wanajua na jioni ameshaletwa, mwanaume anasema nimegonga mlango.

Sasa nikuambie ninachokiona kwenye barua yako. Umeanguka jioni, umeanguka giza, unayumba ukifumba macho. Mwalimu, miguu yako imeacha kukupa habari na macho ndio yanafanya kazi ya miguu. Yakizimwa na wewe unazimika. Sukari ya muda mrefu inakula neva za miguuni kuanzia kwenye ncha za vidole, inapanda taratibu kama soksi, wala huwezi kusikia kitu kinachopotea maana kinachopotea ndio hicho kusikia kwenyewe.

Leo usiku mwambie mke wako ukweli, kisha umwombe msaada huu. Lala chali, vua soksi, fumba macho. Aguse kwa ncha ya kidole chake, kidogo tu kama nzi anatua, sekunde moja au mbili asibonyeze, kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto, jumla miguso sita. Kila ukisikia sema kulia au kushoto. Ukikosa miwili au zaidi, nyayo zako zimepungua hisia, nenda kliniki ya sukari uwaambie hivyohivyo. Kuanzia hapo kila usiku miguu ikaguliwe chini na katikati ya vidole, na viatu ukung'ute kabla ya kuvaa, nilishapata mgonjwa aliyetembea siku nzima na kizibo cha soda ndani ya kiatu.

Hilo giza la usiku ni jambo jingine. Omba upimwe presha ukiwa umelala, kisha dakika moja baada ya kusimama, kisha dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, hiyo presha inaanguka ukisimama, na huenda dawa inahitaji kupangwa upya na daktari. Usiiache mwenyewe! Kwa sasa ukiamka kaa ukingoni mwa kitanda, kanyaga kanyaga miguu kama unakanyaga cherehani, hesabu mpaka 30 ndio unyanyuke, tochi iwe chini ya mto.

Suruali vaa umekaa. Mazoezi ya mguu mmoja yafanye ila umeshika kabati. Kule Brazili walipima watu 1,702 wa miaka 51 mpaka 75 wakaambiwa wasimame mguu mmoja sekunde 10 tu bila kushika kitu, mmoja kati ya watano akashindwa. Kwa wenye 51 mpaka 55 walioshindwa walikuwa kama 5 kati ya 100, kwa wenye 71 mpaka 75 wakafika kama 54. Na walioshindwa ndio waliokufa zaidi katika miaka saba iliyofuata, matokeo yalitoka 2022. Nakupa hesabu hizo kwa sababu wewe ni mwalimu, na kwa sababu umri wako uko pale mwanzoni ambapo bado panafanyika kitu. Kwenye kile kiti cha plastiki nilichomwelekeza binti wa Buhongwa, mwanaume wa 60 mpaka 64 anatakiwa asipungue mara 14. Anza leo, siku ya kuagwa shuleni uwe unazipiga.

Mama Viungo mimi ni mvuvi wa dagaa Igombe, nina miaka 41. Nikitoka ziwani baada ya usiku mbili tatu, nikikaa nyumbani naona sakafu inapanda na kushuka, hasa nikiingia bafuni au nikilala. Mke wangu anadhani nakunywa huko huko kambini. Sinywi. Ni ugonjwa?

Mpe mkeo asome hapa. Sio pombe na wala sio ugonjwa kwa wengi. Usiku kucha uko kwenye mtumbwi mnasubiri dagaa wafuate taa, ubongo unaona hii dunia imeamua kuyumba basi na mimi nijipange hivyo, unaanza kuyasahihisha mawimbi kabla hayajafika. Ukishuka mchangani mawimbi yamekwisha ila ubongo bado unasahihisha. Bafuni na kitandani ndio unasikia zaidi kwa sababu macho hayana cha mbali cha kushika. Inaisha kwa masaa au siku moja mbili, ukitembea kwa miguu ukiangalia mbali inaisha mapema zaidi. Ikipita mwezi haijaisha, au ukianza kusikia masikio yanavuma au kusikia kunapungua, nenda hospitali.

Na boya la kuvaa unalo? Najua hukuniuliza. Mtu wa balansi nzuri kama yako ndio anayesema hahitaji.

Habari ya kazi dada. Mie nashusha dagaa na samaki hapa Mwaloni Kirumba, miaka 29. Kuna mama mmoja amepita 60 huyo anapita kwenye ubao kutoka boti mpaka nchi kavu na beseni kichwani bila kushika, mie mwanaume nikijaribu beseni linaenda majini. Wenzangu wanasema shingo za wanawake zimeumbwa hivyo. Na je si inaharibu mgongo?

Huyo mama kama ni yule ninayemfikiria nimewahi kumtazama nusu saa nzima nimesahau nilichofuata sokoni. Ubao ule unabonyea katikati na umelowa. Anapofika pale unapobonyea hapunguzi mwendo, anakunja magoti kidogo sana, kiuno kinakwenda kushoto, shingo haijatikisika, macho anaangalia mbele hata ubao haangalii, kidole gumba cha mguu kinashika ukingo wa mbao kama mkono. Maji ya samaki kwenye beseni hayamwagiki.

Shingo hazijaumbwa tofauti. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti, mmoja wao Geoffrey Maloiy wa Nairobi, waliowapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Wakakuta mwanamke anaweza kubeba mzigo wa mpaka asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu ya ziada kabisa ukilinganisha na kutembea mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 60 hapo ni kilo 12. Mwaka 1995 ikatoka nyingine ikieleza siri, kwamba kila hatua mwili unapanda na kushuka kama bembea, na hawa wakiwa na mzigo wanaitumia ile bembea vizuri kuliko mtu wa kawaida, nguvu ya hatua moja haipotei inaingia kwenye hatua inayofuata. Kwa maoni yangu hilo halitokani na jinsia, linatokana na kuanza na kikopo cha maji ukiwa na miaka mitano sita. Kaka zao walikuwa wanachunga ng'ombe, hawakuwekewa kikopo. Ni kweli kwamba uzito wa mwanamke umekaa chini kidogo kuelekea nyonga kuliko wa mwanaume ambaye ana mabega, na hiyo inasaidia kusimama imara, ila hiyo peke yake haivushi mtu ubao wa Mwaloni.

Kuhusu kudhuru, ndio, ukizidisha. Shingo inabebeshwa moja kwa moja na wabebaji wengi wanakuja kwangu na maumivu ya shingo na ganzi ya mikono. Wengi wenu hapo mnabeba mara mbili tatu ya hizo kilo 12. Ganzi ikianza mikononi usijikaze. Na huyo mama msimwambie apumzike sasa umri umekwenda, mwambieni apunguze uzito wa beseni, ubao aendelee nao.

Shikamoo. Mama mkwe wangu ana 56, yuko Sengerema. Akigeuka kitandani upande wa kulia nyumba nzima inazunguka, anashika shuka analia, baada ya muda mfupi inaacha. Amepewa dawa za presha, za malaria, sasa wanasema ametupiwa kitu na jirani. Anaogopa hata kuinama kufunga kiatu.

Marahaba. Jirani mwacheni jamani, mtavunja ujirani wa miaka bure. Kumbuka vile vijichembe vya sikioni nilivyovitaja huko juu. Mara nyingine vinabanduka pale vilipokaa vinaingia kwenye kile kijimfereji cha majimaji. Mtu akigeuza kichwa vinaporomoka, majimaji yanasogea, sikio linapiga kelele tunazunguka wakati macho yanaona tumelala tu. Kizunguzungu hicho kinadumu chini ya dakika moja, kinakuja na mkao fulani wa kichwa, ndio dalili yake. Kinawapata wanawake zaidi ya wanaume na hasa kuanzia miaka ya 50 hivi, kwa hiyo mama mkwe yupo pale pale.

Dawa yake ni kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu akiwa kitandani ili vijichembe virudi vilikotoka, inachukua kama dakika kumi na wengi wanapona kwa mara moja mpaka tatu. Mpelekeni kwa daktari wa masikio au wa viungo hospitali kubwa, na mwambieni daktari ni upande upi unaoanzisha. Msimgeuze wenyewe kwa kufuata video, kama ana shida ya shingo mtamuumiza. Ila kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kabisa kusimama, hicho sio cha sikio, hapo mnatafuta gari saa hiyohiyo.

Nina mimba ya miezi saba, naishi Igogo kule juu. Nimeanguka kwenye ngazi nikakalia makalio. Siumwi popote. Ni kawaida?

Hata kama huumwi popote nenda ukapimwe leo, mtoto asikilizwe mapigo, usisubiri kliniki ya tarehe. Kuanguka mimba ikiwa kubwa kunatokea kwa wengi, uzito umesogea mbele, kano zimelegea kwa homoni, na miguu yako mwenyewe huioni. Ukishuka ngazi shuka kwa ubavu ukiwa umeshika kitu, ndoo ibebwe na mtu mwingine mpaka ujifungue. Baada ya hapo balansi inarudi.

Babu yetu Magu ana 78, goti la kulia limeisha. Tumemshawishi mwezi mzima akubali fimbo, amekubali, anaishika mkono wa kulia upande wa goti bovu lakini bado anachechemea vibaya. Je tumnunulie ile ya magurudumu?

Bado msinunue kitu. Hongereni kwa kumshawishi, najua wazee wa Magu, fimbo ya kuchungia ndio wanaijua, ya kuegemea wanaona aibu. Sasa ihamishieni mkono wa kushoto. Fimbo inakaa mkono ulio kinyume na mguu mbovu, inakwenda mbele pamoja na huo mguu mbovu, ndio inabeba sehemu ya uzito wake, tunavyotembea sote mkono wa kushoto unakwenda na mguu wa kulia. Siku mbili za kwanza atachanganyikiwa na atawagombeza, mvumilieni. Kwenye ngazi anapanda na mguu mzima kwanza, anashuka na mbovu kwanza.

Urefu ndio wengi mnakosea. Avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima, mikono aiache ining'inie, kichwa cha fimbo kiwe sawa na ule mkunjo wa kiganja na mkono. Akiishika kiwiko kikunjike kidogo tu. Ikiwa ndefu bega linapanda, ikiwa fupi anainama mbele. Kateni kidogo kidogo, anatembea, mnaangalia, mnakata tena, na chini mpigilie kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, misumari iingie ubavuni isitokeze chini.